Damu ya Mfano

Goweko, 3 Januari 1954

Kwa ndugu yangu Modest,

Salamu kutoka Goweko. Sisi wazima. Mvua inanyesha, karanga zimeota vizuri, na magugu yameota vizuri zaidi. Bernardo anakusalimu. Tangu wampe kofia ya reli pale kituoni mume wangu hasalimii kila mtu, kwa hiyo jihesabu mwenye bahati.

Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wetu Apolinaria. Ana mimba ya miezi saba na hali yake siipendi. Ulimwona siku ya Krismasi, ingawa sijui uliona nini, maana wewe ulikula, ukalala mchana kutwa, ukaamka kupanda treni. Akitoka kisimani anakaa chini mara mbili kabla hajafika nyumbani. Anakula udongo. Nikimnyang'anya, anakwenda kubandua mwingine kwenye kichuguu.

Mama mkwe wake, Mayu Eustadia, ambaye amezalisha nusu ya kijiji hiki pamoja na wanangu watatu, amemvuta kope ya chini akatazama. Amesema ndani ni peupe, mtoto huyu hana damu, apelekwe Tabora akae huko huko hospitali mpaka ajifungue. Raymundi hataki mkewe aondoke miezi miwili wakati wa palizi. Mama na mwana wamebishana mbele yangu mpaka nikaona aibu.

Nikawaambia, ya nini kelele, si tuna mtu wetu anayepima damu? Apolinaria atakuja na treni ya Jumatatu wiki ijayo. Umpime wewe mwenyewe, asimguse mwingine. Utakachosema ndicho tutakachofuata, na Raymundi amekubali hivyo.

Dada yako,
Tekla


Tabora, zahanati ya misheni, njia ya Kwihara
14 Januari 1954

Dada Tekla mpenzi,

Mgonjwa wako amefika, nimempima, na nakuletea mwenyewe jibu zuri. Themanini na nne. Hapa kwetu Sista ameweka sheria: mwanamke mwenye mimba akiwa chini ya sitini anabaki kitandani mpaka azae. Akizidi sitini anarudi kwao. Apolinaria amezidi mbali sana. Mwambie Mayu Eustadia apumzishe macho yake, yamefanya kazi nyingi.

Najua utauliza nimejuaje, maana wewe huamini kitu mpaka ukipekue. Basi sikiliza. Kuna kibomba chembamba cha kioo chenye mistari. Natoboa kidole, nafyonza tone la damu, nalitia humo pamoja na dawa kidogo, nalo linageuka rangi ya chai. Kisha naongeza maji tone kwa tone mpaka rangi ilingane na ya kibomba kingine kilichozibwa, ambacho tunakiita cha mfano. Maji yalipofika ndipo nasoma mstari. Damu nzito inabeba maji mengi. Damu nyepesi, ukiongeza kidogo tu rangi imekwisha.

Sasa nikupe siri, uicheke peke yako. Kile cha mfano nilikivunja mwezi wa kumi nikiosha vyombo. Kilikuwa kitu cha tatu kuvunja mwaka huo, na Sista alikwisha kuniambia kwamba cha tatu kitanirudisha kwenye jembe. Nikanyamaza. Kwenye orodha ya vifaa vya kuagiza kutoka Dar es Salaam nikaandika kimoja, kama cha akiba. Lakini wagonjwa hawangoji meli. Nikachukua damu yangu mwenyewe, nikaiongeza maji mpaka mstari wa mia, maana mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, sijalazwa hospitali hata siku moja. Halafu nikatafuta cha kufanana nayo. Kahawa ya Mzee Mabruki wa Ng'ambo ilikuwa nyeusi mno. Chai ya rangi ikakubali. Nikaipunguza taratibu mpaka zikawa mapacha, nikaitia katika kibomba, nikaziba kwa nta. Sista mwenyewe hajatambua.

Kwa hiyo, dada, damu ya mfano ya zahanati nzima ni ya ndugu yako. Na tangu hapo wanawake wanapata majibu mazuri, wengine wananipita, wanafika mia na kumi. Sista anasema ni karanga za mwaka huu.

Nimempa Apolinaria cheti chenye mhuri. Amekukasirikia kidogo kwa kumsumbua na safari. Nimempeleka stesheni mwenyewe, ingawa siku hizi nikipanda ule mlima mdogo wa stesheni nahema kama mzee. Ni kukaa sana kwenye kiti.

Ndugu yako,
Modest


Goweko, 31 Januari 1954

Kwa Modest,

Barua yako nimeisoma na siri yako nimeicheka. Mama yetu angekuwa hai angekuchapa.

Cheti kimefika salama. Raymundi amekiweka ndani ya kitabu cha sala, na kila anayepita anasomewa. Hata Bernardo amesomewa mara mbili. Nilikwenda nacho kwa Mayu Eustadia nikamwonyesha ule mhuri. Akaniuliza, "Karatasi hii imemtazama macho?" Nikamjibu, "Mayu, mashine imetazama damu yenyewe. Wewe unatazama kope." Wanawake waliokuwepo wakacheka. Mayu hakucheka. Alinyanyuka akaenda kutwanga mahindi yake, na tangu siku hiyo hasemi habari ya mimba ile.

Apolinaria yuko shambani na wenzake. Miguu imevimba na udongo bado anaula kwa kujificha, lakini nimeacha kumgombeza. Mwenye themanini na nne agombezwe nini.

Tutakuletea habari njema mwezi ujao au mwanzo wa wa tatu.

Tekla


Tabora, 2 Machi 1954

Dada Tekla,

Telegramu yako ya Jumamosi nimeipata.

Sikuweza kuja kumzika. Kazi imenishika na ruhusa haikupatikana. Nipelekee pole zangu kwa Raymundi na kwa wote. Mtoto mchanga mumtunze, mumpe maji yaliyochemshwa tu na maziwa ya mbuzi kama hakuna wa kumnyonyesha. Ni mapenzi ya Mungu, na sisi hatuna la kusema mbele yake.

Modest


Goweko, 14 Machi 1954

Modest,

Treni inatoka Tabora kuja Goweko kabla ya chakula cha mchana. Watu wa Kwihara, jamaa za Mayu, wametembea kwa miguu mpaka stesheni, wakaja. Wewe ndugu wa tumbo moja umeniandikia mistari sita. Nimekasirika, na sitakuficha.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana hukuuliza. Uchungu ulianza Jumamosi asubuhi. Saa nne mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, analia vizuri. Apolinaria alicheka. Akasema, "Dada, ni mrefu." Halafu ikatoka damu, na mimi niliyezaa mara tatu nakuambia haikuwa nyingi, isingejaza bakuli la uji. Lakini alianza kuwa mweupe kuanzia midomo. Mayu Eustadia alimkanda tumbo, alimwinua miguu, alimwita kwa jina lake la nyumbani. Kabla ya saa sita alikuwa amekwisha. Mayu akakaa sakafuni akasema, "Nilisema." Neno hilo moja tu, na ndilo lililomponza.

Siku ya kuanua matanga, watu wote wamekaa, Raymundi alitoa cheti chako katika kitabu cha sala. Akakisoma mpaka mwisho, na jina lako na mhuri. Kisha akamgeukia mama yake mzazi. Akamwuliza, "Themanini na nne imekwenda wapi?"

Akauliza tena. "Karatasi yenye mhuri inasema mke wangu alikuwa na damu. Iliyomwagika sote tumeiona, ni kidogo. Iliyobaki ameichukua nani? Na wewe ulijuaje kwamba atakufa?" Hapo mtu mmoja nyuma akataja mumiani. Unajua neno hilo linavyowaingia watu. Jioni ile ile kila mama aliyezalishwa na Mayu alikuwa anamkumbuka mtoto wake aliyekufa na kuhesabu vidole.

Mayu haingii tena nyumbani kwa mwanawe. Anakaa kwenye kibanda chake cha pembeni na hakuna anayemwomba hata moto.

Sasa nataka unijibu mambo haya, maana wewe ndiye mwenye elimu. Mtu mwenye damu themanini na nne anaweza kufa kwa damu ya bakuli moja? Kama anaweza, niandikie hivyo, nitawasomea. Raymundi amesema atakubali neno lako. Nami pia nalitaka, kwa sababu ni mimi niliyemcheka Mayu mbele ya watu.

Tekla


Tabora, 29 Machi 1954

Dada,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na homa. Swali lako ni gumu. Mambo ya uzazi yana mengi na siyo yote yanayoonekana. Waambie watu watulie, wasimguse mama wa watu.

Kuhusu cheti, kipimo ni kipimo. Siwezi kusema zaidi kwa barua.

Modest


Goweko, 11 Aprili 1954

Modest,

Niliwasomea barua yako kama nilivyoahidi. Nilitafuta neno la kumsaidia Mayu nikakuta "wasimguse", nikalisoma kwa sauti kubwa. Lakini wao walisikia lile la mwisho. Kaka zake Raymundi wakalirudia mmoja baada ya mwingine. Kipimo ni kipimo. Wakasema, mnaona, hata ndugu wa marehemu anathibitisha kwamba damu ilikuwepo.

Jumatano waliezua kibanda cha Mayu. Hawakumpiga. Walitoa nyasi za paa wakazipanga vizuri pembeni, kama watu wanaotengeneza, yeye amekaa ndani anawatazama kutoka chini. Raymundi hakuezua, lakini alikuwepo. Walipomaliza, Mayu akachukua mkeka na kisanduku chake. Akapita kwangu, akamshika mjukuu wake, akamnusa kichwani, akanirudishia. Nikamwomba alale kwangu. Akasema, "Wewe pia ulikuwa na karatasi." Amekwenda kwa watu wa baba yake huko Kwihara, kwa miguu, kwa njia ile ya zamani. Ana miaka zaidi ya sitini, na mvua bado haijaisha.

Mimi si mjinga, Modest. Nimeisoma tena ile barua yako ya Januari, ile ya chai. Safari hii sikucheka. Sielewi mambo ya vioo, lakini wewe nakuelewa tangu ukiwa mgongoni mwangu. Ukiwa na kosa unaandika kifupi.

Sema.

Tekla


Tabora, Jumatatu ya Pasaka, 19 Aprili 1954

Dada Tekla,

Jana nilikaa nyuma kanisani, sikupokea komunyo. Leo nasema yote, na ninakuomba uyasome mbele ya watu wale wale, bila kuruka.

Kibomba cha mfano cha kweli kilifika kutoka Dar es Salaam tarehe ishirini na nne Februari, siku ya Jumatano, asubuhi. Nilikifungua kwa furaha, nikakiweka sambamba na kile cha chai dirishani. Nilidhani nimekosea kukishika. Cha kweli kilikuwa rangi ya chai iliyokolea, changu kilikuwa kama maji ya kusuuzia kikombe. Nikatoboa kidole changu nikajipima. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu kwa mkono mwingine.

Hamsini, dada. Mimi niliyejifanya mia, nina hamsini. Nimechunguzwa choo, nimejaa minyoo ya safura, labda tangu miaka miwili. Ndiyo maana nililala Krismasi nzima. Nilipima damu za watu wote kwa damu ya mgonjwa, na kila aliyefanana nami nilimwita mzima.

Hesabu yake haina ugumu. Mia yangu ilikuwa nusu, basi kila kitu kilikuwa nusu. Themanini na nne ya Apolinaria ilikuwa arobaini na mbili. Kwa sheria ya Sista alitakiwa kulala hapa, chini ya macho yetu, anywe dawa ya chuma, na siku ya kuzaa awepo daktari. Mayu Eustadia alimtazama macho akasema kweli. Hakuna damu iliyochukuliwa na mtu. Damu haikuwepo.

Bado sijafika penyewe. Nilijua Jumatano asubuhi. Yeye alikufa Jumamosi. Ofisi ya telegramu iko mwendo wa robo saa kutoka hapa, na Bernardo anakaa pale kituoni Goweko. Maneno matatu yangetosha, mleteni Apolinaria haraka. Treni ya Alhamisi ingemleta. Sikupeleka. Nilijiambia bado ana wiki mbili. Nilijiambia nitakuja mwenyewe Jumapili, nimchukue polepole bila kumweleza mtu sababu. Niliogopa Sista, niliogopa jembe, niliogopa wewe. Nikakificha kile cha chai ndani ya soksi. Siku tatu nilikuwa naye mikononi na nilikuwa nafikiri juu ya kiti changu.

Hiyo ndiyo kazi iliyonishika nisije kuzika. Ningewezaje kushika mchanga wa kaburi lile.

Na ule mstari wa kipimo ni kipimo, niliuandika nikijua mtausoma. Nilidhani ni neno lisilo na maana, nikalitupa ili nisiseme neno lenye maana. Limemwezua mama wa watu nyumba.

Jumamosi nilikwenda kwa Sista na soksi yangu. Hakupiga kelele. Aliketi, akaomba daftari. Tangu mwezi wa kumi nilipima wanawake thelathini na mmoja kwa chai ile. Wote niliwarudisha makwao. Kuanzia kesho nakwenda kuwatafuta mmoja mmoja kwa baiskeli ya misheni, na nikimaliza nimeambiwa nisirudi maabara. Sawa. Nina hofu tu ya milango nitakayoikuta kimya.

Raymundi akiuliza tena themanini na nne imekwenda wapi, mwambie iko Tabora, kwa Modest, ilikuwa uongo tangu siku ya kwanza. Na kama Goweko wanataka mumiani, jina langu wanalo.

Modest


Goweko, 30 Mei 1954

Modest,

Nimekaa na barua yako wiki sita. Siku ya kwanza sikuweza kuisoma hata mimi mwenyewe mpaka mwisho. Nilipofika kwenye ile Jumatano niliitupa, nikaenda shambani nikang'oa magugu na karanga pamoja. Bernardo alinikuta nimekaa kwenye matuta. Alikuwa kituoni siku zile zote tatu, unajua. Alikuwa amekaa mbele ya mashine ya simu, hana kazi, anasubiri treni ya mizigo.

Niliwasomea Jumapili baada ya misa, nje ya kanisa, bila kuruka, kama ulivyotaka. Nilipomaliza hakuna aliyekutukana. Ingekuwa nafuu. Wale wanaume walianza kuondoka mmoja mmoja wakitazama chini. Raymundi alibaki. Aliniomba nimsomee tena pale palipoandikwa arobaini na mbili, nikamsomea. Akakitoa kile cheti akakitafuna. Nakuambia nilichokiona, alikitia mdomoni akakitafuna kama mtu mwenye njaa, mhuri na yote, akameza.

Siku iliyofuata alikwenda Kwihara. Nilikwenda naye na mtoto mgongoni. Mayu tulimkuta amekaa ubarazani kwa mpwa wake, anapepeta mchele. Amekonda. Raymundi akapiga goti mbele yake, akasema, "Shikamoo, mama." Mayu akaendelea kupepeta. Akasema mara ya pili, na ya tatu. Mayu akaweka ungo chini, akamwambia mpwa wake amletee mgeni maji ya kunywa. Mgeni, Modest. Mwanawe wa kumzaa.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza yote. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama Apolinaria alijua. Nikasema hapana, alikufa akijua ana damu nyingi. Akasema, "Afadhali."

Amerudi Goweko, kwa ajili ya mtoto, lakini anakaa kwangu. Paa lake wameliezeka upya wale wale walioezua, na hakanyagi huko. Raymundi anakuja kila asubuhi kumwamkia. Bado haitikiwi. Na kuna jambo jingine ambalo lazima ulijue. Wiki mbili zilizopita Veneranda wa jirani alishikwa na uchungu mchana, wakaja mbio kumwita Mayu. Alikaa pale pale. Alisema, "Mimi sijui kuzalisha. Mpelekeni mkampime." Nilimshika mikono nikamlilia. Veneranda alizaa na mimi ndiye niliyempokea, mimi nisiyejua kitu, na alipona kwa bahati. Mikono iliyozalisha nusu ya kijiji sasa inachambua mboga jikoni kwangu. Hilo nalo liandike kwenye daftari lako.

Mtoto amebatizwa Jumapili iliyopita. Hatukukungoja.

Nimesikia kwa watu wa treni kwamba umefika mpaka vijiji vya mbali na ile baiskeli, na kwamba wanawake ishirini na wawili umewakuta wazima. Hao wengine sitaki kuuliza. Nimesikia pia kwamba unashuka kusukuma hata pasipo na mlima.

Kwa hiyo nakuagiza kama dada yako mkubwa, na si kwa sababu nimekusamehe, maana bado. Kunywa dawa zako za safura mpaka ziishe. Mwaka huu nimezika mmoja, wa pili sina nguvu naye. Na Goweko usije. Siku nikiweza kukutazama nitakuita mwenyewe.

Tekla